Daftari la Pembeni: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Tabora Wanaounda na Wanaotafiti Mifumo ya Taarifa

Wanangu, mwangaluka.

Nawaandikia ninyi mnaounda mifumo ya taarifa katika halmashauri, hospitali na vyama vya ushirika vya mkoa wetu wa Tabora, pamoja na wenzenu mnaorudi kutoka vyuoni na hojaji mkononi kuja kuitafiti mifumo hiyohiyo. Nimewaweka katika barua moja kwa makusudi. Katika miaka arobaini ya kazi ya kumbukumbu, kuanzia masijala mwaka 1979 hadi nilipostaafu mwaka 2019 nikiwa mtakwimu wa afya, nimewaona mkipishana mlangoni bila kusalimiana: aliyeunda anaondoka siku utepe unapokatwa, na anayetafiti anafika wiki chache baadaye kuuliza kama watu wameridhika. Katikati anabaki muuguzi, keshia au karani wa chama cha msingi, ambaye hakuulizwa na wa kwanza na hakusikilizwa na wa pili. Barua hii inatoka upande wake.

Kuna kituo kimoja cha afya, sitakitaja, ambacho kilifungiwa mfumo wa kukusanya malipo. Siku ya uzinduzi palikuwa na hema, soda na hotuba, na katika maagizo yaliyobandikwa ukutani, moja lilisema kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtumishi atakayeandika mapokezi ya fedha katika daftari. Keshia wa pale, mama makini aliyekuwa ameshika dirisha lile kwa miaka mingi, aliisoma karatasi, akaitikia, kisha jioni akapita dukani akanunua kaunta buku mpya. Kila aliyelipa alimwandika humo: jina, saa, kiasi, namba ya stakabadhi. Miezi minne baadaye taarifa ya mfumo ilionyesha kwamba amepokea fedha nyingi kuliko alizopeleka benki. Aliandikiwa barua ya kujieleza, na katika kikao alichoitiwa, mtu mmoja aliyevaa vizuri akatamka sentensi ambayo nitaichukia hadi nizikwe: "Mfumo haudanganyi."

Niliombwa nikae naye kwa kuwa ndiye mimi niliyejulikana kwa takwimu. Tulikaa jioni mbili, yeye na kaunta buku yake, mimi na karatasi zilizochapwa kutoka kwenye mfumo, na kabla ya jioni ya kwanza kuisha tulikuwa tumeshaelewa. Mtandao ulipokatika katikati ya kutoa stakabadhi, skrini iliganda bila kusema lolote. Naye, akiwa na foleni ya wagonjwa mbele yake, alibonyeza tena. Mtandao uliporudi, mfumo uliipokea mibonyezo yote miwili kama malipo mawili, ilhali mashine ya kuchapa ilitoa stakabadhi moja. Fedha zilizodaiwa kupotea hazikuwahi kuwepo. Mistari yote iliyozidi ilikuwa na jina lilelile na kiasi kilekile, ikipishana kwa dakika moja au mbili, na katika kaunta buku kila mmoja wa watu hao alikuwa ameandikwa mara moja tu. Waunda mfumo walipoelezwa, kijana wao mmoja alicheka kwa aibu akasema marekebisho yake ni ya nusu siku, maana ilitosha kuupa kila muamala alama yake ya pekee kabla haujatumwa, ili ukitumwa tena utambulike kuwa ni uleule. Nusu siku! Mama wa watu alikuwa amekosa usingizi wiki tano.

Mwaka uliofuata nilipata kusoma tasnifu ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekifanyia utafiti kituo hicho kabla ya mkasa. Aliiona kaunta buku, na nampongeza kwa kuiona, kwa sababu wengi hawatazami chini ya meza. Lakini aliiandikia sentensi moja tu, kwamba baadhi ya watumishi wanaendelea kutumia madaftari, jambo linaloonyesha upinzani dhidi ya mabadiliko, na akapendekeza waongezewe mafunzo. Alikuwa ameishika dhahabu akaitupa kama changarawe.

Ninachowaambia katika barua hii yote ni hiki: karibu kila mfumo uliofungwa katika mkoa huu una daftari la pembeni, na daftari hilo ndilo hati ya kwanza ambayo muundaji na mtafiti wanapaswa kuomba kuonyeshwa, kwa unyenyekevu, baada ya kuaminiwa. Wakati mwingine ni kaunta buku, wakati mwingine ni kipande cha boksi la dawa kilichobandikwa nyuma ya kabati, siku hizi aghalabu ni kundi la WhatsApp la wauguzi watatu wanaokumbushana. Pale daftari na mfumo vinapotofautiana, ndipo kazi halisi inapoonekana.

Nitawapa mifano, kwa kuwa najua mnapenda mifano kuliko mahubiri.

Katika zahanati moja upande wa Nzega, daftari la muuguzi lilikuwa limejaa majina yaleyale yaliyomo katika mfumo, nikajiuliza ana haja gani ya kuyarudia. Akanionyesha. Mfumo ule haukukubali alama ya ritifaa, ile inayokaa katika neno ng'ombe, kwa sababu aliyeutengeneza alihofia, na hofu yenyewe ilikuwa na msingi, kwamba alama hiyo huweza kuvuruga maagizo yanayopelekwa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo. Kuna njia salama za kuipitisha, zinafundishwa mapema kabisa chuoni, lakini yeye akaona rahisi kuikataza. Basi mgonjwa anayeitwa Ng'wandu aliandikwa Ngwandu na karani wa Jumatatu, Mwandu na karani wa Jumatano, na N Gwandu na yule wa mwisho wa wiki, na mtu mmoja mwenye kifua kikuu akawa wagonjwa watatu ambao wawili kati yao wameacha dawa. Muuguzi alikuwa akiwaunganisha kwa kalamu nyekundu. Ningependa kumwuliza aliyeunda mfumo ule jinsi anavyoleta Unyamwezini chombo kisichoweza kuandika ng'ombe.

Tarehe za kuzaliwa nazo zina habari yake. Wazee wetu wengi wanaujua mwaka wao kwa tukio: mmoja alizaliwa mwaka wa Uhuru, mwingine mwaka wa Azimio la Arusha, na mdogo wake wakati wa vita vya Kagera. Mfumo unadai siku na mwezi, hauruhusu kuendelea mpaka uvipate, kwa hiyo karani anajaza tarehe 1 Januari na kumwita anayefuata. Nilimwona mtafiti mmoja aliyechora grafu ya kuzaliwa kwa wakazi kwa mwezi akishangaa mlima mrefu wa Januari, akitaka kujua kuna sherehe gani kwetu mwezi wa nne, miezi tisa kabla yake. Tulicheka sana, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Fomu iliyokataa jibu la kweli ndiyo iliyozaa jibu la uongo, na ingetosha kuweka nafasi ya kuandika kwamba mwaka ni wa makadirio.

Mfano wa tatu unatoka kwenye tumbaku, nao ndio unaonisumbua zaidi. Katika chama cha msingi kimoja upande wa Kaliua, karani wa mizani alikuwa akiingiza kwenye mfumo uzito wa robota, yaani furushi la tumbaku, daraja lake, bei na namba ya mwanachama. Pembeni alikuwa na daftari lenye alama ndogo za msalaba, nami nilidhani ni hesabu za rushwa, Mungu anisamehe. Kumbe uanachama katika kaya nyingi uko kwa jina la mume, wakati shamba mojawapo amelima mke kwa mikono yake, na msalaba ulikuwa alama ya robota la mke, ili malipo yakifika karani aweze kumtamkia mume mbele ya watu kwamba katika hizi, kiasi fulani ni cha mwenzio. Makubaliano hayo yalikuwa ya zamani kuliko kompyuta yenyewe. Yalipokuja mapendekezo ya kuondoa daftari ili malipo yapite moja kwa moja kwenye akaunti ya mwanachama, kila mtu aliyasifia kwa uwazi wake, na wanawake walionizunguka kwenye mkutano ule walinyamaza. Mfumo ulikuwa sahihi kwa kila kilo, lakini ulikuwa unakwenda kumnyang'anya mtu haki ambayo haikuwahi kuandikwa popote isipokuwa pale.

Msije mkaniona mtakatifu. Vitabu vya MTUHA, yaani vya kukusanyia takwimu za afya, vilipoanza kusambazwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, mimi nilikuwa bado kijana, nina bidii, na nilikuwa nimeaminiwa kuzunguka zahanati kwa baiskeli na kwa lori la yeyote aliyekubali kunipakia. Niliyakusanya madaftari ya zamani ya wauguzi nikaagiza yachomwe, ili watu wasichanganye mambo. Miezi michache baadaye tulihitaji kuwafuata watoto waliokosa chanjo. Katika vitabu vipya tulikuta jina la kijiji, na kijiji chetu, kama mnavyojua, kinaweza kuwa mwendo wa nusu siku ndani ya miombo, tena watu wanahama na msimu wa tumbaku. Madaftari niliyoyachoma yalikuwa na jina la balozi wa nyumba kumi, mti wa kugeukia, na jina la bibi anayelea. Kosa halikuwa la vitabu. Vitabu vilitengenezwa kwa ajili ya kuhesabu, na kazi hiyo viliifanya vizuri. Kosa lilikuwa langu, niliyedhani kwamba kuhesabu watu na kuwapata ni kazi moja.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini, na kwamba mtandao ukitengemaa yatakwisha. Wakasome habari za Posta ya Uingereza. Mwaka 1999 ilianza kusambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, ambao ulikuwa na hitilafu zilizoonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa matawi hayo, wengi wao wenye maduka madogo mitaani, walishtakiwa kwa wizi na kughushi hesabu. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa, wengine wakafilisika wakijaribu kulipa deni la hewa. Sheria ya ushahidi ya kule ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na msimamizi wa duka angeithibitisha vipi? Mwaka 2019 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Ni miaka 25 tangu waanze. Kila nikisoma habari hizo namkumbuka keshia wetu, naye nilipomsimulia aliuliza swali moja tu: "Hao hawakuwa na kaunta buku?"

Jambo hilo lina uzi unaofika hata kwetu. Horizon iliundwa na kampuni ya ICL, iliyokuwa chini ya Fujitsu. ICL ilizaliwa mwaka 1968 kutokana na kuunganishwa kwa kampuni, mojawapo ikiwa ICT ya Uingereza, na kompyuta ya kwanza kufungwa nchini mwetu, pale Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni hiyohiyo ya ICT. Sisemi kwamba mashine ile ilikuwa na laana. Nasema kwamba sisi si wageni wa mambo haya kama tunavyojifanya. Baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta kwenda mrama, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni, na katazo hilo liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka huo wa 1974 nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mwalimu wetu alituambia kompyuta ni mashine inayokula fedha na kazi za watu. Somo la kushindwa kule lilihifadhiwa kama katazo, halikuhifadhiwa kama maelezo ya kilichotokea mezani kwa makarani, na katazo lilipoondoka, somo nalo likaondoka. Tulitoka kwenye kukataa kila kitu tukaingia kwenye kupokea kila kitu.

Sasa nizungumze na waunda mifumo kwanza.

Mmefundishwa mchoro wa hatua zinazoshuka kama maporomoko: mahitaji, usanifu, uandishi wa programu, majaribio, matumizi. Mchoro huo huhusishwa na makala ya Winston Royce ya mwaka 1970, na watu wachache hukumbuka kwamba katika makala hiyohiyo Royce alionya kuwa kuufuata hivyo ulivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa. Waliomfuata walichukua mchoro wakaacha maneno. Mwaka 2001 watu 17 walikutana katika milima ya Utah, Marekani, wakatoa tamko la njia nyepesi, ya kutoa kazi kidogokidogo na kuirekebisha pamoja na mteja, nanyi vijana mnalipenda tamko hilo, mnafanya vikao vyenu vya kusimama kila asubuhi. Ni vizuri. Ila njia hiyo inadai mtumiaji awe jirani, na mnaposimama asubuhi Dar es Salaam au Dodoma huku mtumiaji yuko Sikonge, mtu mnayemwita mteja katika kikao ni afisa aliyesaini mkataba, ambaye hajawahi kukaa dirishani hata siku moja. Mmebadilisha mwendo wa kazi, lakini mnamsikiliza mtu yuleyule wa zamani.

Na mkataba ndio mzizi wa mengi. Mzabuni analipwa fungu kubwa mfumo unapofungwa na kuzinduliwa. Kama mimi ningelipwa hivyo, nami ningependa uzinduzi kuliko matumizi. Nyinyi mlio ndani ya halmashauri, mnaoandaa hadidu za rejea za zabuni, mna uwezo wa kupendekeza kwamba sehemu ya mwisho ya malipo isubiri mwezi wa kumi na mbili tangu uzinduzi, baada ya msimu wa mvua ambao mtandao na umeme wetu hujipima, na ilipwe kwa kuangalia kama kazi imekwenda, kwa kuwauliza watu wa dirishani, si kwa kuhesabu kompyuta zilizowashwa. Tena muandike mapema nani atautunza. Nimekuta mfumo ambao nywila yake kuu ilikuwa katika simu ya kijana mmoja aliyepata kazi nyingine, na simu ilikuwa imeibwa.

Kuhusu lugha sitakawia. Skrini ya Kiingereza mbele ya mhudumu anayefanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa Kiswahili, na nyingine kwa Kinyamwezi, ni uvivu wa muundaji. Lakini hata Kiswahili chenu kiulizwe kwanza: "wasilisha" ya kwenye kitufe, wahudumu kadhaa walinielewesha, waliifahamu kuwa ni kupeleka kwa mkubwa, hivyo waliogopa kuibonyeza mpaka wapate ruhusa.

Kwenu watafiti nina maneno makali zaidi kidogo, kwa sababu ninyi ndio mliopaswa kuyaona haya.

Hojaji nyingi zinazofika huku ni wajukuu wa kazi ya Fred Davis ya mwaka 1989, inayouliza kama mtu anaona chombo kina manufaa na kama anaona ni rahisi kukitumia. Kwa mtu anayechagua programu ofisini kwake, ni maswali ya maana. Lakini muuguzi wa zahanati hakuchagua, ameamriwa. Mnamuuliza kama anakusudia kuendelea kutumia mfumo, na yeye anajiuliza kama ninyi mmetumwa na mkurugenzi. Juu ya hapo kuna adabu yetu, kwamba mgeni hakatishwi tamaa. Nimekaa na wanaojibu, nikaona mkono unavyotembea ukizungushia "nakubali" na "nakubali sana" kuanzia juu hadi chini ya ukurasa, kisha mgeni anakaribishwa ugali. Mnarudi chuoni na asilimia nzuri, mnazipitisha kwenye programu ya takwimu, na kinachotoka upande wa pili ni kipimo cha ukarimu wa Wanyamwezi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mnaondoka siku ya pili, kabla hamjapewa jembe, na utafiti wa mifumo huanza pale jembe linaposhikwa. Kaeni dirishani wiki tatu. Ombeni kubeba mafaili, kuita majina, kupanga foleni. Hesabuni mara ngapi mtandao ulikatika na mtumishi alifanya nini katika dakika hizo, andikeni ni nani aliitwa kusaidia, na ombeni kuliona daftari mkiwa mmeshaonekana kuwa watu wa kuaminika. Kisha rudini mwaka unaofuata, kwa sababu mfumo wa miezi mitatu na mfumo wa miaka mitatu si mfumo mmoja. Richard Heeks wa Manchester aliandika mwaka 2002 kwamba mifumo mingi katika nchi zetu hushindwa kwa sababu ya pengo baina ya usanifu na uhalisia wa mahali, na kwamba mara nyingi wanaoliziba ni watu wa hapohapo kwa kubuni njia zao. Mnamnukuu sana katika sura ya pili ya tasnifu zenu. Mkifika sura ya nne, njia hizo za watu mnaziita upinzani.

Wapo waliofanya tofauti, na matunda yao mnayatumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mnorwe Kristen Nygaard, ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl alibuni lugha ya programu ya Simula, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali, ili wafanyakazi wenyewe wajifunze kompyuta zinazoletwa viwandani zitafanya nini kwa kazi yao, waweze kusema wanachokitaka kabla hazijafungwa. Mkondo huo wa Skandinavia ulikutana na watu wa afya wa Afrika Kusini baada ya 1994, wakaanza kazi ambayo, chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ilizaa DHIS2, mfumo ambao leo halmashauri zetu hutumia kupeleka takwimu za MTUHA. Ulizaliwa na watu walioamini kwamba takwimu ni za anayezikusanya kwanza. Basi nendeni zahanati yoyote mwisho wa mwezi mkamwangalie muuguzi akihesabu kutoka kitabu namba 6 cha wajawazito na namba 12 cha waliojifungua, akijaza fomu za tali usiku kwa tochi ya simu, namba zikapanda wilayani, mkoani, Wizarani. Halafu mwulizeni ni lini mara ya mwisho namba moja ilishuka ikarudi kwake ikiwa na maana. Hili ni swali la tasnifu nzima, nawapa bure.

Kuna jambo la sheria pia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na bado naona majina ya wagonjwa yakisafiri ndani ya flashi kutoka wodini hadi hosteli. Mnajua nyote kwamba ni makosa. Acheni.

Kwa wasimamizi wenu vyuoni naomba kitu kimoja. Mwanafunzi akileta tasnifu inayoeleza mfumo ulioshindwa, kwa uangalifu, kwa tarehe na kwa saa, bila jedwali la kuridhika kwa watumiaji, msimrudishe akatafute mafanikio. Nilisoma stashahada ya uzamili nikiwa na miaka arobaini na saba, nikaandika juu ya yale madaftari niliyoyachoma, na mtahini mmoja akaniuliza mchango wangu kwa elimu ni upi ikiwa hakuna nilichojenga. Nilikosa jibu siku ile. Leo ningemwambia kwamba nilikuwa nimeeleza jinsi ya kutochoma.

Keshia wetu naye amestaafu. Alipoondoka alinipa kaunta buku ile, imefungwa kwa uzi wa katani, iko kabatini kwangu pamoja na karatasi za mfumo tulizozilinganisha. Majina ya wagonjwa nimeyafunika kwa karatasi, mstari kwa mstari, imenichukua siku nyingi. Anayetaka kuisoma aje Jumamosi alasiri, ila ninaweka sharti: muundaji wa mfumo aje na mtafiti, wawili wawili, wakae meza moja, mmoja ashike kaunta buku na mwingine ashike karatasi za mfumo, kama tulivyofanya mimi na keshia. Msilete projekta. Umeme wa upande wetu mnaujua.

Mama yenu,
Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Tabora.